Kwa Nini Pagoda Huvaa Paa Juu ya Paa

Ulikuwapo wakati ambapo bonde lile lililozungukwa na milima ya theluji halikuwa na pagoda hata moja, yale mahekalu ya mapaa yaliyopandana. Wafuasi wa Buddha walikuwa na tuta la udongo tu, mviringo kama bakuli lililopinduliwa, na ndani yake chungu chenye majivu ya mwalimu wao. Ng'ambo ya mtaro uliopita kando ya tuta, watu waliomwabudu Shiva walikuwa na jiwe lao takatifu, limesimama wazi chini ya mbingu. Majirani hao walipeana moto na chumvi, lakini katika mambo ya ibada kila upande ulishika lake.

Aliyekiweka chungu kile tutani ni Lanimaya, msusi wa miavuli. Mwalimu ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi, akamfundisha kupasua mwanzi bila kujikata. Kwa hiyo mvua ilipoanza kulila tuta, wengine waliona udongo ukipungua. Yeye alimwona mlezi wake akielekea mtoni. Akasuka mwavuli mpana wa mianzi na majani, akausimika kileleni. Katika nchi ile mwavuli ulikuwa kivuli cha wafalme, na watu walifurahi kuona mtu aliyekataa hata viatu akipewa heshima hiyo.

Mwaka wa tatu mwavuli ulioza katikati, pale unapokutana na mti wake. Kingo zilikuwa nzima, lakini maji yalipenya kitovuni na kudondoka juu ya tuta. Lanimaya akaleta mwavuli mpya na ngazi. Gunakaji, mlinzi wa tuta, akamzuia.

"Shuka, binti. Kilichotolewa sadaka hakiteremshwi."

"Umeoza kitovu, mzee."

"Nami nimeoza magoti. Utaniteremsha na mimi?"

Watu wakacheka. Lanimaya hakucheka, maana masika yalikuwa mlangoni.

Alirudi nyumbani akafikiri. Sheria ilikataza kuteremsha, haikukataza kupandisha. Kesho yake akaufunga mwavuli mpya juu ya ule wa zamani, akaridhika. Lakini aliusuka kwa upana uleule. Upepo wa kwanza uliingia kati ya miavuli ile miwili, ukauvuta mti mwembamba huku na huku, na kilele cha tuta kikapasuka ufa wa kuingia kiganja.

Lanimaya aliuziba ufa kwa udongo wa mfinyanzi, kisha akakaa hapo asubuhi nzima akitazama. Polepole akaelewa. Mwavuli wa juu hauna kazi ya kufunika yote. Kazi yake ni kufunika kitovu cha ule ulio chini yake tu, na ule wa chini utayapeleka maji mbali. Basi kila unaopanda juu na uwe mdogo, upepo ukose pa kushika. Akaukata kingo ule mpya hukohuko juu, ukawa mdogo, akasuka wa tatu mdogo zaidi. Kilichobaki ni mti mnene wa kushika yote, unaopita katikati ya tuta hadi kwenye ardhi ngumu. Miti ya namna hiyo ilikuwa katika kichaka kitakatifu cha Shiva tu.

Tulsiman, mtunza jiwe, alimpokea huku akitabasamu.

"Leo mmetukumbuka? Juzi mlisema ng'ombe wetu wanabomoa mtaro."

"Wanabomoa, baba. Lakini leo nimekuja kuomba mti."

"Mti chukua. Ila mungu wetu naye ananyeshewa. Umsukie miavuli kama yenu, usipunguze hata ubavu mmoja."

Gunakaji aliposikia alikunja uso. "Tukifanana nao, mgeni atajuaje miavuli ipi ni yetu?"

"Atauliza, mzee."

Mzee alitaka kujibu, lakini tone la kwanza likamwangukia kwenye paji la uso. Akatazama wingu, akatazama ufa uliozibwa kwa udongo, akampisha Lanimaya.

Mti wa zamani ulipaswa kung'olewa ili mpya uingie, na mwavuli wa kale usiguse chini. Basi watu wa tuta wakaupokea kwa mikono, wakaushikilia pande zote. Hawakutosha. Ukaanza kulala upande mmoja, na maji ya mvua yakamiminika ndani ya shimo la mti. Hapo Tulsiman akauvuka mtaro na watu wake, wakajipenyeza kati ya wenzao, wakanyoosha mikono kimshazari. Mwavuli ukatulia. Chini yake, Lanimaya alipiga magoti, akapapasa udongo kando ya shimo mpaka vidole vikakigusa chungu. Kilikuwa kikavu. Akasema, "Leteni mti."

Juma lililofuata alivuka mtaro, akalisukia jiwe la Shiva miavuli mitatu.

Tangu masika yale, wajenzi wa bonde lile hupandisha paa juu ya paa, kila moja dogo kuliko la chini yake, wawe wanamjengea Buddha au Shiva. Ndiyo maana orofa za juu za pagoda hazikaliwi na mtu: hazikuwa orofa, zilikuwa miavuli. Na ukisimama chini ya paa ukainua macho, utaona miti ya kuegemeza iliyochongwa sura na mikono mingi. Haikusimama wima kama nguzo nyingine. Imeinama kimshazari, kama watu wanaoshikilia kitu kizito juu ya vichwa vyao, na hakuna ajuaye mkono upi ni wa upande gani wa mtaro.