Lukindo Kafungwa Saba

Tajiri Lukindo alipoinunua Mkole Stars, mashabiki walishangilia viatu vipya. Kisha akawatia kiwewe: timu sasa iitwe Lukindo, jina lake mwenyewe.

“Jina tamu, bosi,” alisema Sikudhani, shabiki muuza kahawa. “Niachie mimi kazi ya kutangaza matokeo.”

Akapewa kipaza sauti. Jumamosi timu ilichapwa mabao saba, naye akazunguka mji mzima akitangaza, “Lukindo kafungwa saba!”

Kabla ya magharibi, mama wa tajiri alikuwa kwenye lango la gereza na kapu la chakula, akilia, “Mwanangu, miaka saba!”

Lukindo alimjia Sikudhani akihema. “Umetangaza nini wewe?”

“Matokeo tu, bosi. Na Jumatano unakwenda Korogwe. Huko nako watakufunga.”

Tajiri akajifuta jasho. “Hivi jina la Mkole Stars lilikuwa na ubaya gani?”