Jina la Maji ya Titani

Kaeni karibu. Mimi nitasimulia; hukumu mtaitoa ninyi.

Walikuwepo wasafiri watatu waliotumwa Titani, mwezi mkubwa wa sayari ya Zohali, kutafuta maji ambayo hayajaganda. Huko baridi imeyafanya maji kuwa mwamba, na mvua inayonyesha ni gesi iliyogeuka kimiminika.

Chande alikuwa na macho. Picha iliyopigwa kutoka angani, ambayo wengine waliiona madoa matupu, yeye aliisoma kama uso wa mtu anayemjua.

Mwanatime alikuwa na masikio. Alichomeka chuma chake ardhini, akavaa visikizi, akajua kilichoko chini.

Fumo alikuwa na mabawa ya turubai. Titani hewa ni nzito na mwili ni mwepesi, hivyo mtu mwenye mikono imara hupiga mabawa akaruka.

Chande alipitia picha za mwezi mzima, akayakataa mabonde yote isipokuwa moja.

"Kama yapo, yapo hapa," alisema. "Yasipokuwepo, nitafua soksi zenu mpaka turudi nyumbani."

Wakatua bondeni. Fumo akavaa mabawa aende kukagua upande wa mashariki. Lakini mazoezi alikuwa ameyafanya Duniani, miaka mingi, na mikono haisahau upesi. Alipiga kwa nguvu za nyumbani, akafyatuka juu kama kizibo, akapotelea kwenye ukungu wa rangi ya chungwa. Alishuka alikojaliwa, kwa kishindo, upande wa magharibi.

Mwanatime alikuwa ameshachomeka chuma chake ardhini, visikizi masikioni. Akamwita kwa redio. "Fumo, umeumia?"

"Heshima yangu tu."

"Basi ruka tena, hapo hapo."

"Dada, unanicheka?"

"Ruka, wewe! Ulipoanguka pamelia kama ngoma."

Akaruka. Pakalia tena. Wenzake wakamfuata, wakatoboa barafu. Maji yakapanda, yakafuka mvuke, yakaganda mbele ya macho yao. Chini ya barafu palikuwa na ziwa zima.

Sasa, wasafiri hao wana desturi: ziwa moja, jina moja, na mgunduzi mmoja ndiye anayelichagua. Jina likishatumwa Duniani halibadilishwi. Na Dunia ilikuwa karibu kuzama chini ya upeo, mawasiliano yakatike. Wasipotuma jina kabla haijazama, ziwa lingepewa namba, nayo ingebaki daima.

"Ni Mwanakheri," alisema Chande. Mkewe alifariki wakati chombo chao kinapita sayari ya Mshtarii. Alipopata habari alimaliza zamu yake, kisha akaomba zamu nyingine. "Alizikwa mimi sipo. Na bila macho yangu, mngekuwa mnatoboa upande mwingine wa mwezi."

"Ni Kisimachema," alisema Mwanatime. "Kijiji chetu. Kisima kilikauka, watu wakatawanyika, na ramani mpya hazikitaji. Ninyi wawili mngeondoka hapa na anguko la Fumo tu la kuzungumzia. Mimi ndiye niliyesikia maji."

"Ni Mayasa," alisema Fumo. "Binti yangu. Alizaliwa nimeshaondoka, na nyumbani wananisubiri nimpe jina. Nataka yeye na maji haya wapate jina hilo siku ile ile."

"Lakini wewe ulianguka tu, bwana," alisema Chande.

"Nilianguka, kaka. Nani mwingine ameanguka juu ya maji?"

"Tuyaunganishe yote matatu," alisema Mwanatime.

"Mwanakheri-Kisimachema-Mayasa? Jina litakuwa refu kuliko ziwa!" alisema Fumo.

Wakacheka. Chande ndiye aliyegeuka wa kwanza kuutazama mtambo wa mawasiliano.

Mtambo ukaonyesha kwamba Dunia imegusa upeo. Kipaza sauti kilikuwa katikati yao, taa yake inawaka, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Haya, ninyi mnaonisikiliza. Mmoja alijua pa kutafuta. Mmoja aliangukia pasipotafutwa. Mmoja alisikia kilichokuwepo. Kipaza sauti hicho kingekuwa mkononi mwako, ungetamka jina la nani?