Glasi ya Bi Pelele

— Ngano inapita!
— Ipitie kwetu!
— Imechoka.
— Tutaipa kiti.
— Ina kiu.
— Tutaipa glasi.
— Glasi ipi?
— Hapo sasa! Kaa utuambie.

Basi kaeni.

Bi Pelele aliosha glasi yake, na Pimbi, mumewe, akaosha ya kwake. Aliishika ya mumewe, akaiinua kwenye mwanga, akasema, "Mume wangu, wewe glasi huoshi, unailowesha tu." Akaiosha tena, akazipindua zote mbili juu ya jiwe zikauke. Pimbi alikuwa akitafuna jani. Akasema, "Mmh." Bi Pelele akajifuta mikono, akapanda jabalini kushika zamu.

Hilo ndilo lililokuwa la mwisho la kawaida.

Pimbi ni wanyama wadogo. Wanaishi katika nyufa za majabali, na Tai anawapenda kuliko chakula kingine chochote. Kwa hiyo wanapotoka kula, mmoja wao hukaa juu kabisa akitazama mbingu. Akiona kivuli, hupiga mluzi, fiii! Wengine huingia ndani, chwap! Katika majabali yale zamu ilikuwa ya Bi Pelele, maana alikuwa na macho makali na hakuwa na papara.

Asubuhi ile mluzi ulilia, fiii! Wote wakaingia, chwap, chwap, chwap. Mpiga mluzi huingia wa mwisho. Bi Pelele hakuingia.

Hawakuwa na cha kuzika. Walikaa matanga, wakalia, kisha wakanyamaza. Hakuna aliyetaka kupanda pale juu. Wakawa wanatoka kula kwa wizi: jani moja, ndani; jani moja, ndani. Watoto wakakonda.

Sasa, habari ya glasi. Zamani wageni fulani walipiga mahema chini ya majabali, na walipoondoka wakasahau chupa ya wiski na glasi mbili. Moja ilikuwa pana, imenyooka kama kopo. Nyingine ilikuwa na tumbo, halafu ikajibana kuelekea mdomoni. Pimbi alichukua ile pana. Bi Pelele alichukua yenye tumbo. Jioni moja moja walikunywa kidogo, na kila walipokunywa walibishana.

"Yako ina mlango mpana kama zizi," Bi Pelele alisema. "Harufu inatoka kabla pua haijafika."

"Mimi nakunywa, sinusi."

"Ndiyo maana hujui unachokunywa."

Pimbi hakukubali hata siku moja. Ubishi ule ulikuwa mtamu kuliko wiski, na hakutaka uishe. Wiski ndiyo iliyoelekea kuisha. Ikabaki ya glasi mbili. Bi Pelele akasema, "Hizi ni za mvua ya kwanza," akaificha chupa ndani kabisa ya ufa, mahali ambapo mkono wa mnyama mdogo tu ndio unaofika.

Habari ya msiba ikafika mtoni. Habari ya chupa nayo ikafika, tena ndiyo iliyotangulia.

Jua lilipoanza kushuka, Kiboko akatoka majini, pu, pu, pu, akaja hadi majabalini, akaketi mlangoni pa Pimbi. Alipoketi, ndani pakawa giza. Na mlango ule ndio uliokuwa wa ukoo mzima.

"Shemeji!" Kiboko akaita. "Pole na msiba."

"Nimeshapoa, mzee. Shemeji kwa upande gani?"

"Marehemu alikunywa maji ya mto wangu. Maji yangu ni kama damu yangu. Basi alikuwa dada yangu."

"Na Twiga? Naye si hunywa hapo hapo?"

"Twiga ni shangazi. Shemeji, wiski iko wapi?"

Pimbi akarudi hatua moja ndani. Nyuma yake, gizani, jirani akamnong'oneza, "Baba, mpe anywe aende zake. Watoto hawajala tangu jana."

"Nikimpa leo, kesho atakuja na nduguze."

"Basi fanya kitu. Si wewe ndiye mjanja wetu?"

Ni kweli, alikuwa mjanja wao. Zamani alitunga hila kwa furaha, na kila hila ilipofanikiwa, Bi Pelele alijibanza nyuma ya mwamba akizuia kicheko kwa mikono miwili. Sasa hila ilimjia yenyewe, kama miguu inavyojua njia ya nyumbani. Hakuwa na hamu nayo. Aliifuata tu.

Akatoa chupa. Akatoa glasi mbili.

"Chagua glasi, mzee."

"Mimi, Kiboko, nichague? Nipe kubwa!"

Pimbi akamsogezea ile pana. "Umechagua vizuri. Hii ni ya kila mtu."

Kiboko akasita. "Ya kila mtu?"

"Ya kila mtu. Hata mimi naitumia."

"Na ile yenye kitambi?"

"Ile haiguswi."

"Mimi, Kiboko, nisiguse?"

"Ile ni ya marehemu. Wiski ikikaa humo, harufu hujikusanya tumboni, ikatokea mlango mmoja. Ni nzuri kuliko yangu."

Pimbi akasikia maneno yake mwenyewe. Miaka yote hakuwahi kuyasema, na sasa ameyasema, tena kwa Kiboko. Akaendelea haraka.

"Lakini ina desturi. Anayeinywea hushika zamu ya marehemu, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Akimaliza, anapewa glasi ya pili."

Desturi hiyo haikuwapo. Pimbi aliitunga papo hapo, huku akiifuta glasi kwa jani.

"Zamu ya kufanya nini?"

"Kukaa."

Kiboko akacheka mpaka mawe yakatikisika. "Mimi, Kiboko, nishindwe kukaa? Mimina!"

Pimbi akamimina. Kiboko akaleta pua, ffffff! Machozi yakamtoka. Akafungua mdomo, gulu! Pimbi aliishikilia glasi kwa kitako chake isije ikamezwa nayo. Ilipotoka, ilikuwa na matope mdomoni. Pimbi akaitazama.

Alfajiri ukoo mzima ukamsukuma Kiboko kwa nyuma.

"Haa-rambee!"

"Eeee!"

"Haa-rambee!"

"Msinifinye!" akasema Kiboko.

Wakamfikisha juu. Kiboko akakaa. Jua likachomoza.

"Shemeji, nimekaa!"

"Naona, mzee. Endelea."

Jua likapanda.

"Shemeji, jua!"

"Nalo limeshika zamu yake."

Chini, watoto wa pimbi walikuwa wakila. Si jani moja, ndani. Walikula wakasogea, wakala wakasogea. Tai akapita, akaona kilele cha jabali kimeota masikio na kinapiga miayo, akageuza mabawa akaenda zake.

Jua likafika utosini. Ngozi ya kiboko haikuumbiwa jua. Ikikauka, hutoa jasho jekundu. Kiboko akajitazama tumbo, akapiga yowe.

"Damu! Shemeji, nakufa!"

"Bi Pelele alikaa hapo miaka mingi," Pimbi akasema. "Sikumsikia akilalamika."

"Nishushe!"

"Bado nusu ya siku, shemeji. Glasi ya pili inakungoja."

"Mimi si shemeji yako! Marehemu simjui! Hata Twiga simjui!"

Akaporomoka, gadada, gadada, gadada, akapita kwenye miiba, akapita kwenye matope, chubwi! Mto ukampokea. Hadi leo, mchana kutwa, Kiboko hujizamisha majini akaacha pua tu juu. Watu husema anavuta pumzi. Hapana. Bado ananusa.

Ukoo mzima ulicheka ukagaragara. Pimbi naye akageuka haraka kutazama nyuma ya mwamba.

Palikuwa na mwamba tu.

— Ngano imekaa kitako.
— Iacheni ipumzike.
— Na funzo?
— Tupe, tuondoke nalo.

Funzo ni hili. Ukinywa wiski, chagua glasi kubwa, iliyo pana, wala usinuse kitu. Usibishane na mwenzako juu ya glasi, maana huko ni kupoteza muda, na muda mnao mwingi. Jirani akifiwa, nenda ukae mlangoni pake mpaka akupe kinywaji; atakushukuru. Na mkeo akikuambia glasi haikutakata, jibu "Mmh," inatosha. Nimelipokea hivyo, nimelitoa hivyo.

— Na Pimbi?
— Pimbi amefanya nini?
— Kesho yake. Aliamkaje?

Kesho yake Pimbi aliamka kabla ya wengine. Mvua ilikuwa bado haijanyesha. Akachukua glasi yenye tumbo, akaiosha, akaiinua kwenye mwanga. Akaiosha tena. Kisha akatoa chupa, akamimina ile iliyobaki. Asubuhi si wakati wa wiski, na alilijua hilo.

Akaleta pua. Harufu ilikuwa imemngoja.

"Haya," akasema. "Haya, mke wangu."

Akanywa. Akaiosha glasi mara ya tatu, akaipindua juu ya jiwe, na ile pana akaipindua kando yake, ingawa hakuna aliyeinywea. Akajifuta mikono, akapanda jabalini, akakaa pale juu, akatazama mbingu. Chini yake watoto wakaanza kutoka, mmoja mmoja.