Posa ya Bunduki

Hapo zamani, mji wa Kilimbwi ulipokuwa bado una sultani wake, alitawala humo Sultani Mwinyimvua, mtu mnene, mkarimu akishiba, mwenye wivu saa zote. Basi ikawa sikukuu moja ya Idi, sultani wa Mtakuja, jirani yake, akapiga bunduki hewani, mlio ukafika Kilimbwi. Mwinyimvua, ambaye alikuwa na ngoma tu, akaingia ndani wala hakula pilau.

Akaagiza, akaja mfanyabiashara jina lake Bwana Khelef na bunduki ndefu iliyofungwa katika shuka ya hariri, kitako chake kimepambwa kwa pembe. Kuiona tu, Sultani akaitaka. Lakini ailipie ngapi? Hapo ndipo akili zilipowaishia wakubwa wote. Waziri akasema, "Reale mia, bwana wangu," naye akatiwa gerezani kwa kumdhania Sultani fukara. Naibu wake akasema, "Reale elfu mbili," naye akatiwa gerezani kwa wizi. Tangu hapo kila aliyeulizwa alishikwa na kikohozi.

Na kwa kuwa bei haikujulikana, Sultani akaona heri akusanye mali kwanza, bei itafuata. Akatoa amri kila nyumba itoe mbuzi mmoja. Wakaletwa mbuzi mia tatu na ushei, wakafungiwa jumbani, wakalia kutwa, wakala mapazia ya baraza, wakala na nusu ya mkeka wa Kadhi. Mwenzangu, hiyo ndiyo serikali.

Katika mbuzi wale alikuwamo mmoja wa Kombo Mashapo. Kombo hakuwa na shamba, wala duka, wala kofia ya pili; kazi yake ilikuwa kuezeka mapaa ya watu huku lake likivuja, na kusifika kwa ulimi. Mkewe, Mwanakheri, alikuwa na siku ishirini tu tangu ajifungue, maziwa yamemkauka, na mtoto akiishi kwa maziwa ya mbuzi yule. Hilo watu wa jumbani hawakuliuliza. Basi Kombo akajipangusa vumbi la makuti, akaenda barazani.

"Bwana wangu," akanena, "nimekuja kuomba nirudishiwe mbuzi wangu. Kuna mtoto anamngojea."

"Mbuzi ana mtoto?"

"La, bwana. Mtoto ni wangu, maziwa ndiyo ya mbuzi."

Sultani akamtazama, akasema, "Mbuzi hatoki mpaka bunduki inunuliwe, na bunduki hainunuliwi maana bei yake haijulikani. Wewe husemwa una maneno. Haya, nitajie bei iliyo kubwa mdomoni, nikiitamka Mtakuja watu watafute pa kukaa, na iliyo ndogo sandukuni, nisiumie. Ukiweza, mbuzi wote watarudi makwao. Ukishindwa, Waziri anataka mtu wa kuzungumza naye kule gerezani."

Bwana Khelef akadakia, "Na mimi, bwana, bei ndogo sitaki kuisikia. Mwaiita bunduki? Huyu ni binti yangu."

Kombo akageuka. "Binti yako?"

"Binti yangu wa pekee. Nimemlea mwenyewe, nampaka mafuta kwa mkono wangu, silali mpaka nimemfunika."

"Na mbele ya Kadhi utasema hivyo hivyo?"

"Hata nikiapishwa."

"Basi, bwana wangu," akasema Kombo, "nipe mpaka kesho baada ya swala ya alasiri, na Kadhi awepo na kitabu chake."

Akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwanakheri alikuwa akimchovyea mtoto kitambaa katika maji ya mchele. "Ulikwenda kuleta mbuzi," akamwambia, "umerudi na kesi." Yeye mwenyewe aliwahi kulala na njaa akaamka akicheka, lakini kumwona mtoto akinyonya tambara kulimuuma kweli kweli, na siku hiyo hakumtania mtu.

Kesho yake, baada ya alasiri, baraza lilijaa. Kombo akaingia amevaa kanzu ya kuazima inayoburura chini, mkononi sinia ya tambuu, akapita mbele ya Sultani, akaenda kuketi kwa adabu miguuni pa Bwana Khelef.

"Bwana Khelef," akanena, "sisi ni watu wa Sultani, tumekuja kwa jambo la heri. Tumeona ua limechanua nyumbani kwako, nasi tunalitaka. Tumekuja kuposa."

Watu wakatazamana. Khelef alidhani ni maneno ya kupamba biashara, na neno posa kwake lilinukia fedha. Akachukua tambuu, akakaa kibaba mkwe. "Binti wa heshima huolewa kwa heshima," akasema. "Mahari yake ni reale elfu tatu."

Sultani, aliyekuwa akitafuna tambuu, nusura ameze popoo nzima.

"Tumekubali," akasema Kombo.

"Kombo," Sultani akanong'ona, "Waziri anakungoja."

"Subira, bwana wangu. Ewe Kadhi, sisi hatukusoma, tufundishe. Mahari ni mali ya nani?"

"Ya bibi arusi mwenyewe," akajibu Kadhi. "Baba hana haki ya hata senti moja."

"Na bibi arusi akiisha kuolewa hukaa wapi?"

"Kwa mumewe."

"Na mali yake?"

"Huwa naye."

"Basi, bwana wangu, umesikia," akasema Kombo. "Reale elfu tatu zitatoka katika sanduku lako, ziingie katika sanduku la bunduki, na sanduku la bunduki litakaa chumbani mwako kando ya lile la kwanza. Ukifika Mtakuja utasema elfu tatu, na nyumbani hakuna kilichovuka kizingiti."

Sultani akaanza kutabasamu kidogo kidogo. Khelef naye akaanza kutoka jasho.

"Hatukumsahau baba," Kombo akaendelea, akatoa pande la bafta. "Hiki kilemba chako. Tuna na mkaja, ada ya mama. Mama yake yuko wapi?"

"Hana mama," akasema Khelef kwa hasira.

Ukapita mnong'ono. Kadhi akatikisa kichwa, akaandika. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria asiyeruka mstari, akaisogelea bunduki pale ilipolazwa juu ya mto, akaiinamia mtutuni, akauliza, "Binti, umeridhia kuolewa na Mwinyimvua kwa mahari ya reale elfu tatu?" Bunduki ikanyamaza. Akauliza mara ya pili, na ya tatu. Ikanyamaza, na heri ilinyamaza, maana kichwa cha Kadhi kilikuwa mahali pabaya.

"Kimya cha mwari ni ridhaa," akasema Kadhi. "Limebaki moja. Bwana arusi ana wake wangapi?"

Nyuma ya pazia, yaani lile lililosazwa na mbuzi, kikasikika kikohozi cha mwanamke. Kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu, na cha nne.

"Wanne," akasema Kadhi, akaweka kalamu chini. "Wa tano hakuna. Bwana wangu, ama umwache mmoja, ama uiache arusi."

Sultani akalitazama pazia, asithubutu kulitazama sana. Akamtazama Kombo, na Kombo alikuwa ametazama juu, anahesabu makuti yaliyooza katika paa la baraza.

Hapo Khelef, aliyeona elfu tatu hazimfikii vyovyote vile, akaruka. "Mimi nimevunja posa. Huyu si binti yangu."

"Ni nini basi?" akauliza Kombo.

"Ni chuma na mti, kama bunduki zote."

"Kadhi, andika. Chuma na mti bei yake twaijua."

Akaitwa mhunzi, akaipima bunduki kwa mizani yake ya majembe, akasema, "Chuma reale tisa. Mti reale mbili. Pembe, kwa hisani, reale moja." Khelef akataka kubisha, lakini Kadhi akamkumbusha kwamba punde tu alisema binti na sasa amesema chuma, na kwamba mwenye kusema uongo barazani hulala gerezani. Khelef akapokea reale kumi na mbili, akazihesabu mara mbili, akakaa pembeni na kilemba chake.

Sultani alicheka mpaka akashikilia mbavu. "Nitawaambia watu wa Mtakuja niliposa kwa elfu tatu, wala sitasema uongo. Wafungulieni mawaziri. Wafungulieni mbuzi. Kombo, taka utakalo."

Kombo alikuwa bado hajafungua kinywa, ikasikika sauti nyuma ya pazia. Alikuwa Bibi Mkubwa, mke wa kwanza wa Sultani.

"Kadhi, kabla hujafunga kitabu."

"Lebeka, Bibi."

"Umesema mahari ni mali ya mke mwenyewe."

"Ndivyo, Bibi."

"Yangu ilitajwa reale hamsini. Huu ni mwaka wa ishirini na sita, sijaiona."

"Na yangu arobaini," ikasema sauti ya pili. Ya tatu nayo ikataja yake, na ya nne ikataja yake.

Kicheko kikakatika. Sultani akaona haya, haya ya kweli, mbele ya watu wake. Kwani kwa kitu kisicho na kinywa alikuwa tayari kufungua sanduku, na kwa mama wa watoto wake hajawahi. "Ni kweli," akasema, "sikulipa." Akaliagiza sanduku lake, akawalipa wote wanne pale pale kwa mkono wake, kuanzia Bibi Mkubwa, na hakuna mtu barazani aliyemcheka.

Kombo akaona huo si wakati wa kuomba zawadi. Akamtafuta mbuzi wake katika lile kundi, akamvuta kamba, akaenda upesi nusura akimbie, huku njiani akipanga namna atakavyomsimulia mkewe. Lakini habari ilikuwa imekwisha kumtangulia, kama ilivyo ada ya Kilimbwi. Mwanakheri alikuwa mlangoni. Akaipokea kamba, akakamua, akayachemsha maziwa, akamnywesha mtoto mpaka akalala na povu mdomoni. Ndipo akageuka.

"Kombo."

"Naam, mke wangu."

"Mimi nilitajiwa reale tano."

Yule mtu aliyewajibu Sultani na Kadhi akaanza kutafuta cha kulipia. Akatazama paa lake linalovuja, akatazama kanzu ya watu aliyoivaa. Kisha akaishika kamba ya mbuzi, akamwekea mkewe mkononi mbele ya majirani wawili, wawe mashahidi.

Mwanakheri akaikubali iwe mahari yake. Na tangu siku ile Kombo akitaka maziwa hubisha hodi kwanza.