Mrithi wa Sufuria la Kikwangoni

Hapo zamani, na sisemi zamani ya majini na mazimwi, nasema zamani ya watu waliopenda kula kama mnavyopenda nyinyi, palikuwa na mji ukiitwa Kikwangoni. Sogeeni. Aliyeshiba akae nyuma, maana yeye ataisikia hadithi hii kwa masikio tu. Wenye njaa wataisikia mpaka tumboni.

Watu wa Kikwangoni walikuwa na sufuria moja la shaba. Kubwa! Mbuzi wawili na pishi arubaini za mchele ziliingia humo na nafasi ikabaki. Harusi zote za mji zilipikiwa humo, na aliyelishika alikuwa mtu mmoja, mpishi mkuu, ambaye akifika barazani hata kadhi alimpisha mahali pa kukaa. Bi Mwanakheri alilishika miaka arubaini, kisha akafariki bila kumtaja mrithi. Na desturi ya mji ilikuwa hivi: sufuria likikosa mwenyewe, hakuna kuoana mpaka apatikane.

Sasa mfikirieni Siwema. Siwema alikuwa bibi harusi. Posa imejibiwa, nguo zimeshonwa, hina imetwangwa, na wiki moja kabla ya harusi Bi Mwanakheri akafa. Siwema alimlilia kwa uchungu wa kweli, kwa sababu alimpenda. Alipomaliza kulia akaikumbuka harusi yake, akalia tena.

Mchumba wake aliitwa Vuai. Tangu harusi isimamishwe, Vuai alikuwa akipita mbele ya nyumba ya kina Siwema mara tano kwa siku, eti anatafuta kuku aliyepotea.

"Kuku huyo hajaonekana tu?" mama yake Siwema alimuuliza.

"Bado, mama. Ni kuku mjanja sana."

Siwema ndani alikuwa akiuma kanga asicheke. Lakini mwezi wa Shaabani ulikuwa unakatika. Ijumaa ya mwisho ya mwezi ikipita bila harusi, Ramadhani inaingia, na hapo kungoja ni mpaka baada ya Idi. Siwema hakutaka kungoja. Alimpenda Vuai, yeye na kuku wake.

Basi Jumatano mji mzima ukakusanyika uwanjani kumtafuta mrithi, na waliojitokeza walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa Bi Mwanamize, jirani aliyemlea Siwema tangu anatambaa, na aliyekuwa msaidizi wa marehemu jikoni kwa miaka thelathini. Wa pili alikuwa Bi Rehani, mama mzazi wa Vuai, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono safi. Wa tatu alikuwa Mbaruku, mpishi wa misafara kutoka bara, ambaye alipita Kikwangoni siku moja, akanywa maji ya kisima chao, akayapenda, akakaa miaka saba.

Wakapewa mchele mmoja, nyama ya mnyama mmoja, kuni za mti mmoja. Kila mtu akapika pilau yake.

Na waonjaji pia walikuwa watatu. Majina yao ya kweli hata majirani zao walikwisha kuyasahau; waliitwa Bwana Pua, Bi Punje na Bwana Ukoko. Bwana Pua alihukumu harufu. Bi Punje aliangalia kama wali umechambuka au umeshikana. Bwana Ukoko hakujali harufu wala punje, yeye alitaka kile kilichobaki chini ya sufuria. Wawili wakikubaliana, wa tatu anyamaze.

Desturi iliwakataza kuonja sahani tatu kwa pamoja. Watu wa Kikwangoni walisema ulimi ukiletewa tatu unachanganyikiwa. Kwa hiyo zililetwa sahani mbili mbili: wawili washindane, anayeshindwa atoke, anayeshinda apambane na yule aliyekuwa amekaa kando. Na mwenye kuita sahani ni bibi harusi anayesubiri, kwa kuwa hakuna mwenye haraka kama yeye. Siwema akapewa upawa mkononi, akasimama mbele ya watu.

"Naanza na mama zangu," alisema. "Bi Mwanamize na Bi Rehani. Bwana Mbaruku, wewe kaa kando kwanza."

Sahani zikaja. Bwana Pua akanusa, Bi Punje akachambua, Bwana Ukoko akatafuna.

"Bi Mwanamize," alisema Bwana Pua. "Harufu yake imenikuta nyumbani kabla sijavaa viatu."

"Bi Rehani," alisema Bi Punje. "Tazameni, kila punje inakaa kwake."

"Bi Mwanamize," alisema Bwana Ukoko. "Ukoko wa Bi Rehani umelainika. Huo si ukoko, huo ni wali uliochelewa kuamka."

Wawili kwa mmoja. Bi Rehani akatoka, akaingia Mbaruku kupambana na Bi Mwanamize. Bwana Pua akanusa, Bi Punje akachambua, Bwana Ukoko akatafuna.

"Bi Mwanamize," alisema Bwana Pua. "Huyu Mbaruku ameionea iliki huruma."

"Mbaruku," alisema Bi Punje. "Wali wa Bi Mwanamize umeshikana mikono."

Bwana Ukoko aliuonja ukoko wa Mbaruku. Akaongeza. Akaongeza tena.

"Bwana wee, tunangoja hukumu!" watu walimpigia kelele.

"Ngojeni, si ndiyo nahukumu?" Akameza. "Mbaruku. Tena mbali!"

Wawili kwa mmoja, Mbaruku ameshinda! Vigelegele vikapanda, Vuai akarusha kofia yake juu, na Siwema akaiona Ijumaa ile pale mbele yake.

"Hebu nyamazeni!" Ilikuwa sauti ya Bi Rehani. "Mimi nimetolewa na Mwanamize. Huyu Mbaruku sijakutana naye hata kidogo. Mnanipitaje? Tuwekeni sahani kwa sahani, akinishinda nitamfungia kilemba kwa mkono wangu."

Jumbe wa mji akaona neno lake lina haki. Sahani zikaja. Bwana Pua akanusa, akasema Bi Rehani. Bi Punje akachambua, akasema Bi Rehani. Bwana Ukoko akatafuna ukoko wa Mbaruku mpaka ukamalizika, akasema Mbaruku, lakini alikuwa peke yake.

Bi Rehani amemshinda mshindi! Vigelegele vikaanza, vikakatika njiani, kwa sababu Bi Mwanamize alikuwa amesimama.

"Mbona mnashangilia? Rehani nimemshinda mimi, asubuhi hii, mbele ya macho yenu!"

Na kweli alikuwa amemshinda.

Uwanja ukawa kama soko. Mmoja anasema waonjaji wana njama, mwingine anasema wameshiba kupita kiasi. Bwana Ukoko akaapa, mdomo umejaa, kwamba hajabadilisha neno lake hata moja. Na hakuwa amebadilisha. Wala Bwana Pua, wala Bi Punje.

Siwema alikuwa akihesabu kwa vidole. Bi Mwanamize kamshinda Bi Rehani. Bi Rehani kamshinda Mbaruku. Mbaruku kamshinda Bi Mwanamize. Bi Mwanamize kamshinda Bi Rehani... Akarudia mara tatu. Walikuwa kama watoto wanaofukuzana kuizunguka nyumba: kila mmoja ana anayemfukuza na kila mmoja ana anayemkimbia.

Jumbe akapiga fimbo chini. "Tunaanza upya! Siwema, utaita mara moja tu. Atakayebaki mwisho ndiye mwenye sufuria, na asiyeridhika akapike kwake."

Siwema akainua upawa. Na hapo hapo akaushusha, kwa sababu alikuwa ameona jambo.

Akimkalisha kando Mbaruku, kina mama watapambana, Bi Mwanamize atashinda, kisha Mbaruku ataingia na kumshinda. Akimkalisha kando Bi Mwanamize, Bi Rehani atamtoa Mbaruku, kisha Bi Mwanamize ataingia na kumtoa Bi Rehani. Akimkalisha kando Bi Rehani, Mbaruku atamtoa Bi Mwanamize, kisha Bi Rehani ataingia na kumtoa Mbaruku. Yaani anayekaa kando ndiye anayeondoka na sufuria! Waonjaji hawachagui kitu. Aliyechagua asubuhi alikuwa yeye Siwema, na wala hakujua.

Aliogopa. Kisha akashawishika, nisiwafiche. Angeweza kumkalisha kando amtakaye, akanyamaza kimya, na watu wangesema waonjaji wameamua.

"Siwema," Vuai alimnong'oneza kwa nyuma, "ita yeyote yule. Mimi hata nikipikiwa muhogo naoa."

Siwema akacheka kwa sauti mbele ya mji mzima, na kicheko kile kikamrudishia nguvu. Akageuka.

"Jamani, sitawadanganya," alisema, akawaeleza yote, mara ya kwanza haraka haraka, mara ya pili polepole kwa ajili ya Jumbe.

Watu wakatazamana.

"Siku aliyochaguliwa marehemu Bi Mwanakheri," Bi Punje alisema taratibu, "nakumbuka alikaa kando. Alikuwa akimenya vitunguu."

Kicheko kilichozuka hapo, kuku wa mji mzima waliruka. Wazee walifuta machozi. Jumbe mwenyewe alilazimika kukaa chini, na alipopata pumzi akasema:

"Mwanangu, umesema kweli na tumekusikia. Lakini mzigo ni wako vilevile. Sufuria halikatwi vipande vitatu, na Ijumaa ni keshokutwa. Kwa kuwa anayekaa kando ndiye mshindi, basi kila mmoja aseme kwa nini akae yeye."

Bi Mwanamize akaanza. "Siwema, miaka thelathini nimemtwangia Mwanakheri bizari. Miaka sita ya mwisho macho yake hayakuwa yakiona. Pilau mliyoisifia miaka hiyo mkono ulikuwa huu wangu. Niliwaacha mumsifie yeye, kwa sababu nilimpenda na sikutaka mjue. Sufuria hili nimeshalipikia. Kilichobaki ni kuitwa mwenyewe."

Watu wakaguna kwa mshangao.

Bi Rehani akafuata. "Mimi sikumtwangia mtu. Lakini mwaka wa nzige, mji ulipobakiwa na gunia moja la mchele, mlilileta kwa nani? Niliupika siku tisa. Hakuna mtoto aliyelala na njaa, na hakuna mkubwa aliyepata punje moja zaidi ya mwenzake, hata mume wangu, naye alininunia mpaka mvua ziliponyesha. Huyo ndiye mpishi wa mji. Na wewe Siwema, usinichague kwa kuwa ni mkweo, wala usiniache kwa kuwa ni mkweo. Nitakupenda vilevile." Akamtupia Vuai jicho. "Nitajitahidi."

Watu wakacheka. Vuai hakucheka.

Mbaruku akaja wa mwisho, akafungua viganja vyake. Vilikuwa na makovu.

"Jiko la Bi Mwanakheri liliposhika moto, mlitoa mikeka, mkatoa mbuzi, mkatoa hata mtego wa panya. Nani aliingia kulitoa sufuria? Leo msingekuwa na cha kugombea. Na tangu siku ile nimewapikia matanga yenu katika vyungu vya kuazima, sikuomba kitu. Kabla ya moto mliniita mgeni. Baada ya moto mkaniita mgeni. Naomba mniite jina jingine."

Siwema akawatazama wote watatu. Mmoja alimpenda kama mama. Mmoja atakaa naye nyumba moja maisha yake yote. Mmoja alimwonea haya, kwa sababu hata yeye alikuwa amezoea kumwita mgeni. Akainua upawa, na safari hii hakuushusha.

"Wewe," alisema, "kaa kando."

Aliyeonyeshwa alijifunika uso akalia kwa furaha. Wawili waliobaki walipambana kwa bidii kubwa, ingawa walijua mwisho wake, na siku ya pili wakaja wenyewe kumenya vitunguu, wakitupiana maneno na kucheka. Ijumaa Siwema akaolewa. Sufuria lile lilikwanguliwa mpaka likang'aa, na Vuai alikula kwa furaha hadi mama yake akamwonya asije akaaibika.

Nani alikaa kando? Mimi najua. Bibi yangu aliniambia. Lakini msinitazame mimi, tazamaneni nyinyi kwa nyinyi.

Ukisema Bi Mwanamize, jirani yako atakuuliza mbona alishindwa na Mbaruku. Ukisema Mbaruku, atakuuliza mbona alishindwa na Bi Rehani. Ukisema Bi Rehani, atakuuliza mbona alishindwa na Bi Mwanamize, na mtakesha. Kwa hiyo waacheni waonjaji walale, wameshiba. Shikeni upawa wenyewe, muwatazame watatu hawa machoni, na mniambie: je, nani alistahili kuambiwa akae kando?