Nyati Asiyetaka Kunusa

Ngano!
"Imwage!"
Niimwage wapi?
"Masikioni!"
Ikiwalowesha?
"Hatujifuti!"

Haya. Na wewe unayecheka kabla sijaanza, funga mdomo, leo nina hasira. Ngano hii wengine wanaiharibu. Mimi niliyeacha shule darasa la nne, mwalimu alipoishiwa vya kunifundisha, ndiye ninayeijua yote.

Kulikuwa na kiangazi. Mito ikakauka, majani yakakauka, hata mate yakakauka mdomoni. Ikabaki chemchemi moja tu, na mbele ya chemchemi akasimama Nyati. Nani alimweka? Pembe zake! Kutwa anakunywa yeye, na kila anayekuja anaulizwa swali moja. Akijitaja tu, hukumu inatoka hapo hapo.

Akaja Swala. Kwata, kwata, kwata.

"Wewe nani?"

"Mimi Swala. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Swala wote wasafi. Pita!"

Swala akaingia na kwato zenye mavumbi ya njia nzima. Akanywa, na kabla hajatoka akadondosha vile vigololi vyake vya kinyesi humo humo majini: tobwe, tobwe, tobwe. Nyati akainama, akanywa palepale. "Ahaa! Maji matamu!"

Akaja Kicheche, kile kinyama kidogo cha mistari. Nyumbani ameacha watoto, na yule mdogo ulimi umeganda kwenye kaakaa, hata kulia hawezi tena.

"Wewe nani?"

"Mimi Kicheche. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba yangu haiendi kwa vicheche! Vicheche wote wananuka. Rudi!"

"Mjomba, sisi tunatoa harufu tukichokozwa tu. Leo hajanichokoza mtu. Ninuse."

"Sina haja ya kunusa. Najua!"

"Basi nichotee wewe, nimpelekee mtoto. Kibuyu hiki hapa."

"Kibuyu cha kicheche kinanuka."

"Nimekiazima kwa Swala!"

"Sina haja ya kunusa. Najua!"

Mnacheka? Mtoto anakufa kiu na ninyi mnacheka! Na wewe hapo mbele, juzi ulimnyima mtu chumba cha kupanga kwa kusikia kabila lake tu. Usigeuke nyuma, nakusema wewe!

Kicheche akaondoka, kibuyu kitupu, koo linawaka. Njiani anatukana, anapiga mawe teke, anatukana tena. Mara akasimama. "Alaa! Kumbe mjomba hatumii pua!"

Jua la utosi, akarudi. Hakusogea karibu. Akapanda juu ya kichuguu, akajipangusa ndevu, akapaza sauti:

"Mjomba! Asante kwa maji! Nimeoga vizuri!"

"Umeoga wapi?"

"Humo humo! Uliposinzia kidogo. Nimeoga mimi, ameoga mke wangu, wameoga watoto. Tumesugua makwapa, tumesugua mikia!"

Nyati mdomo ulikuwa umejaa maji. Pruuu! Akayatema.

"Humu?"

"Humo unamokunywa!"

"Yalaa! Ndiyo maana yananuka!"

Jamani! Maji ni yale yale. Sasa hivi tu yalikuwa matamu! Nyati macho yanamtoka, anatapika: oaaa! oaaa! Akatimua mbio kupanda mlima, vumbi tifu, tifu, tifu!

Kicheche akashuka taratibu. Akanywa. Akajaza kibuyu, akakimbia nacho nyumbani, akamnywesha mtoto tone kwa tone mpaka ulimi ukabanduka. Neno la kwanza alilosema: "Baba, niongeze." Wakatoka wote kwenda chemchemini, na wanyama waliofukuzwa wakaja nyuma yao. Hakuna aliyeulizwa jina.

Nyati kule mlimani, ulimi nje. Upepo ukamletea harufu ya maji, maji matupu, bila harufu ya kicheche hata chembe. Kicheche akamwonea huruma, akamwita:

"Mjomba, nilikudanganya! Hakuna aliyeoga, tumekunywa tu. Njoo unuse mwenyewe!"

"Vicheche wote waongo!" Nyati akanguruma. "Sina haja ya kunusa. Najua!"

Akageuka na pembe zake zote, akaelekea kule bondeni kwenye magadi, kusiko na tone la maji ya kunywa, anayumba, pwata, pwata, pwata. Hakuonekana tena.

Ngano yangu yote nimeimwaga. Aliyelowa amelowa. Aliyebaki mkavu akagombane na masikio yake, si mimi.

Mnataka funzo? Hili hapa. Pua ni pambo la uso, msiisumbue. Akija mtu mlangoni, muulize ukoo wake, mfungie, rudi ukalale. Hutapoteza muda hata kidogo. Na kiu ikikuua, shida iko wapi? Utakuwa umekufa msafi.