Neno la Bi Hondo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kweli, au mmeshasinzia? Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na Bi Hondo, ndege wa mdomo mkubwa. Mdomo wenyewe ungedhani hashindwi kusema.

Sasa, desturi ya kina Hondo ni hii. Mke akitaka kutaga, huingia ndani ya shimo la mti. Mlango huzibwa kwa udongo, pa! pa! pa! Hubaki upenyo wa kupitisha mdomo tu. Mume huleta chakula, mke hupokea. Na humo ndani mke hunyonyoka manyoya ya mabawa, hawezi kuruka. Asipolishwa, ndiyo njaa hiyo.

Siku moja, Bi Hondo akiwa shimoni na makinda wake, Bwana Hondo alikwenda kupiga soga, akachelewa. Makinda wakalia, chii! chii! chii! Bi Hondo akamwita jirani yake wa tawi la chini, Bi Tetere, njiwa mdogo mpole.

"Shoga, watoto wanakufa njaa. Mume wangu ameweka makuyu kwenye panda ya juu. Nichukulie."

"Hatagomba?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Bi Tetere akapanda, akashuka. Akapanda, akashuka. Bi Hondo naye akala, makinda wakashiba, wakalala.

Mara, vuu! Bwana Hondo huyo. Akatazama pandani, patupu. Akamtazama Bi Tetere, mdomo mwekundu kwa makuyu.

"Mwizi! Ndege wote njooni! Mwizi!"

Ndege wakajaa.

"Mimi si mwizi," akasema Bi Tetere. "Muulize mkeo."

Bwana Hondo akaweka jicho kwenye upenyo. "Mke wangu, ulimtuma huyu?"

 Utamu wa makuyu ulikuwa bado ulimini mwa Bi Hondo. Akawaza: nikisema ndiyo, nitamwaibisha mbele za watu. Atasusa. Nani atanilisha? Bi Tetere akangoja. Ndege wote wakangoja. Bi Hondo akageuza uso ukutani.

Basi! Wakamdonoa Bi Tetere, wakamfukuza hadi ng'ambo ya mto. Mayai yake mawili yakabaki tawini.

"Una adabu, mke wangu," akasema Bwana Hondo, akampa panzi mnono. Bi Hondo akampokea. Panzi hakumezeka.

Alasiri upepo ukaja, shwaa! Bi Hondo akasikia kiota cha shoga yake kinatikisika. Mara, po! Yai moja chini. Jamani, aliona aibu! Aibu ya kutaka kujificha, naye alikuwa mafichoni tayari. Akawatazama watoto wake, matumbo yamejaa, wamelala.

"Mume wangu! Nilimtuma mimi!"

"Nyamaza! Unataka kunivunjia heshima?"

"Ya Bi Tetere imevunjwa, nami nasikiliza. Waite ndege."

Hakuwaita. Basi Bi Hondo akaanza kuugonga udongo. Ko! Ko! Ko! Ukuta ukaporomoka, akatoka, mabawa yamenyonyoka, nusu uchi. Ndege wakaja mbio, wakamwona, wakacheka, kwi kwi kwi! Nyie wa nyuma, msicheke nanyi.

"Bi Tetere hakuiba," akasema. "Nilimtuma mimi. Na nilinyamaza mimi."

Kicheko kikakatika. Chiriku akaruka kumwita Bi Tetere. Bi Hondo akashuka kwa miguu, tawi kwa tawi, akalifunika yai lililobaki kwa kifua chake.

Bi Tetere akafika, akatazama kiota.

"Yalikuwa mawili."

"Najua, shoga."

"Nilingoja neno lako moja tu."

"Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo mdomoni."

 Bi Tetere akasogea, akalilalia yai lake. Bi Hondo akapanda kwake kwa miguu, ndege wote wakimtazama. Bwana Hondo alikuwa mlangoni, analisha watoto.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikii: kunyamaza mwenzio akionewa si adabu, wala si kumheshimu mume. Sema mapema, neno likiwa bado linaokoa.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye yai moja.